Mkono wa Mama Juu ya Ngiri

Kifuniko cha sufuria kiligonga ukuta wa jikoni mara moja, kisha kimya.

Jepchirchir alifungua macho gizani. Mkono wake ulikuwa tayari chini ya mto, umeshika bastola. Akasikiliza.

Kikohozi kidogo. Njiti ya kiberiti.

Ni Mama Warigia. Alikuwa anamchemshia mpangaji wake maji ya kuoga.

Hakuna aliyemwomba. Tangu Jepchirchir ahamie chumba cha nyuma ya duka lake hapa Kimumu, Eldoret, mama huyo aliamka kabla ya jua, akaweka sufuria motoni, akatembea bila viatu ili asimwamshe. Leo kifuniko kilimponyoka. Kule jikoni alisikika akijilaumu kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeamsha mtoto mchanga.

Jepchirchir aliachilia bastola.

Simu ndogo ya Nokia ikanguruma sakafuni. Ujumbe ulikuwa mmoja.

"Shangazi amelazwa. Leta blanketi leo."

Akausoma, akaufuta. Maana yake aliikariri tangu Nairobi. Shangazi amelazwa: bomu limeshawekwa ndani ya gari. Leta blanketi leo: kazi ni leo, hakuna kesho.

Machoni pa watu, Jepchirchir alikuwa karani wa stoo katika Sergoit Armour, kiwanda cha magari ya kivita kwenye barabara ya Soy. Ukweli ni kwamba alikuwa afisa wa Idara, na Idara haina kibao mlangoni. Kiwanda hicho kilikuwa kimeunda gari zuri la kubeba askari, zito, lenye vioo vinene kama matofali, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya magari ya ng'ambo. Wafanyakazi waliliita Ngiri kwa sababu ya pua yake. Kampuni moja ya kigeni, Halvane, ambayo nayo huunda magari kama hayo, haikupenda. Leo wanunuzi wa nchi kadhaa walikuwa wanakuja kulitazama Ngiri likipanda na kushuka. Halvane walitaka wanunuzi hao walione likipasuka tumbo.

Ndani ya kiwanda kulikuwa na mtu wao. Jepchirchir alikuwa amemtafuta kwa miezi. Hakuwa amempata.

Na dereva wa Ngiri leo alikuwa Muigai, kijana wa Mama Warigia.

Alipoingia jikoni, mama alikuwa amepiga magoti, anapiga pasi kitambaa cha kichwa kwa pasi ya makaa. Kitambaa cheupe chenye maua ya bluu.

"Nimekuamsha," mama akasema. "Hiki kifuniko kina shetani."

"Nilikuwa macho, Mama. Mbona unapiga pasi mapema hivi?"

"Si leo wanatoa ile gari? Ninaenda kuiweka mkono. Gari mpya ikitoka, mama ya dereva ndiye wa kwanza kuigusa, halafu wengine. Baba yake Muigai alipopewa lori, mama yake alikuja na miguu yake mibovu mpaka Nakuru. Lori ilizeeka bila ajali."

Jepchirchir alikaa kwenye kigoda.

"Mama, leo kutakuwa na vumbi na upepo. Si ubaki? Muigai atakuletea picha kwa simu."

"Nibaki nikifanya nini? Nilizaa wanne." Mama akaigeuza pasi, akapuliza jivu. "Nimebaki na huyo."

Hakusema kwa kulalamika. Alisema tu, kisha akainuka, akachukua hotpoti yake ya maua mekundu, bakuli la kutunza chakula kikiwa moto, akaweka chapati na kuifunga.

"Ya mchana," akasema. "Umekonda tangu uje. Watu watasema nakunyima."

Jepchirchir alitaka kumwambia. Neno lilifika kooni. Akalimeza pamoja na chai.

*

Probox nyeupe ilimngoja nyuma ya soko, taa zimezimwa.

Aliyekuwa kwenye usukani ni Ibrahim. Mjini walimjua kama mwenye malori ya kwenda Garissa na duka la vipuri. Idara ilimjua kwa jina la Kisima. Yeye ndiye aliyempa Jepchirchir kazi zake.

"Habari ya asubuhi, Kamba," akasema. Hilo ndilo lilikuwa jina la Jepchirchir redioni.

"Si nzuri."

"Najua. Leta hiyo hotpoti."

Akaifungua, akatoa chapati kwa uangalifu, akazilaza kwenye karatasi safi. Chini yake akaweka kisanduku cheusi chenye taa ndogo ya kijani, akakizungushia kitambaa, akarudisha chapati mbili juu.

"Mke wangu Fardowsa akiniona nikichezea chakula cha mtu, nitalala kwa lori," akasema. "Sikiliza. Hiki kinazima mtandao. Ukibonyeza hapa, simu zote zilizo karibu zinakufa. Bomu lao linalipuliwa kwa kupigiwa simu. Hotpoti ikiwa ndani ya gari, hakuna simu itakayofika."

"Karibu ni kiasi gani?"

"Kama chumba chako pale kwa mama. Ukitoka hapo, haikusaidii. Na redio yetu pia itakufa. Hutanisikia."

"Betri?"

"Ndogo. Taa ikiwa kijani, uko sawa. Ikiwa nyekundu, kimbia."

Jepchirchir aliitazama taa ile. "Kwa nini tusifunge tu hiyo hafla? Tutoe watu."

"Mtu wa ndani akiona polisi mmoja tu, atapiga simu. Kuna mafundi wanalala karibu na hiyo gari, wanakula karibu nayo. Na bosi wake, yule Stroud wa Halvane, yuko mtaa wa Elgon View kwa nyumba ya geti nyeusi. Vijana wangu wameizunguka. Lakini nikimgusa Stroud mapema, wa ndani atajua. Nionyeshe mkono wa ndani kwanza. Ukiuona, mimi naingia Elgon View, wewe unawasha chungu chako."

"Naogopa, Ibrahim."

Hakucheka.

"Mimi pia. Nimeswali alfajiri nikasahau nimefika wapi." Akampa kifaa kidogo cha redio cha sikioni, kama punje ya mahindi, na pakiti ya tende. "Fardowsa amekutumia. Amesema usifanye kazi na tumbo tupu."

*

Kiwandani kulikuwa na harufu ya chuma kilichoungua na rangi mbichi.

Magari mawili yalikuwa yameegeshwa uani, pua kwa pua. Ngiri ya kwanza ilikuwa imepakwa kijani, imeng'arishwa. Ya pili ilikuwa bado na rangi ya udongo, funguo zikining'inia ndani kama mafundi walivyozoea kuziacha ili mtu yeyote aweze kuisogeza.

Jepchirchir alizunguka gari la kwanza akijifanya anahesabu vipuri. Bati la chini lilikuwa la tabaka mbili, limelehemiwa lote. Bomu lingeweza kuwa popote. Kulifungua kungechukua siku nzima, na mbele ya macho ya yule asiyejulikana.

Aliwatazama watu mmoja mmoja. Mpaka rangi, ambaye hakumwangalia mtu usoni. Fundi wa breki, aliyekuwa anajibu simu kila mara. Mlinzi mpya. Kila mmoja alionekana kuwa yeye. Kila mmoja alionekana kuwa mtu wa kawaida mwenye njaa ya chai.

"Madam stoo, umekufa ganzi?"

Akaruka. Alikuwa George, mkuu wa karakana, mtu wa makamo mwenye mabega mapana na macho ya upole. Katika wiki yake ya kwanza Jepchirchir alipoungua mkono, George alimpeleka kliniki kwa gari lake mwenyewe na kungoja mpaka akafungwa bandeji. Sasa alivua koti lake na kumwekea mabegani.

"Baridi ya Eldoret haitaki ushujaa. Vaa."

"Asante, bwana George."

"Utanirudishia tukimaliza."

Muigai akatokea nyuma ya gari, mwembamba, amevaa ovaroli mpya. Alilipiga Ngiri kofi kwenye pua.

"Madam, cheki hii nguruwe yetu ilivyooga. Leo itaposwa na majenerali."

"Uendeshe polepole," Jepchirchir akasema.

"Polepole? Wamenunuliwa tiketi ya ndege waje kuona polepole?" Akacheka. "Mathe amekuja na kile kitambaa? Alikipiga pasi?"

"Amekipiga."

"Basi tuko sawa."

Jepchirchir aligeuka haraka asionekane uso.

*

Wageni walifika kukiwa na jua kali. Sare, miwani myeusi, maafisa wenye vitambi. Waliketishwa chini ya hema upande wa pili wa uwanja wa majaribio, ulio na kilima cha udongo katikati. Angani kulikuwa na droni ndogo inayopiga picha. Kila mtu alidhani ni ya mwenzake.

Sikioni sauti ya Ibrahim ilikwaruza.

"Kamba. Uko?"

"Niko."

"Tuko langoni Elgon View. Umeona mkono?"

"Bado."

"Muda unaisha, dada yangu."

"Najua."

Pasta Wabuge alisogea mbele ya Ngiri na chupa ndogo ya mafuta. Mafundi wakavua kofia, wakalizunguka gari. Hivi ndivyo kila gari lilivyotoka hapa. Mlango wazi, mikono juu ya chuma, macho yamefungwa, amina, halafu safari.

"Mama ya dereva yuko wapi?" pasta akauliza.

Watu wakapisha. Mama Warigia akaja taratibu, kitambaa chake kimenyooka, mkono wa kulia umeinuliwa tayari. Mkono huo ulikuwa umefua, umelima, umezika watoto watatu. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya aibu.

Kabla hajaligusa gari, George akatokea. Akamshika kiwiko kwa adabu.

"Mama, hapa kuna vumbi na moshi. Kuja ukae kivulini."

"Wacha niweke mkono kwanza, kijana wangu."

"Utaomba ukiwa umekaa. Miguu yako inauma, naona."

"Lakini mama ndiye wa kwanza," pasta akasema.

"Mungu atamsikia hata akiwa kwa kiti, pasta."

Watu wakatabasamu. Ni mtu mzuri, George. Akamwongoza mama mpaka ng'ambo ya tangi la maji la zege, mbali, akamfutia kiti kwa leso yake, akamketisha. Naye akaketi kando yake.

Hakurudi.

Maombi yakaanza. Viganja vyote vikawa juu ya chuma. Kiganja cha Jepchirchir kilikuwa baridi kama chuma chenyewe, lakini macho yake yalikuwa wazi.

Kulikuwa na kitu kisichokaa sawa, na akakitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. George alikulia Turbo, mji wa jirani. Alikuwa hajawahi kukosa maombi ya gari hata moja. Yeye ndiye aliyetuma watu wawalete mama za madereva. Jepchirchir mwenyewe aliwahi kumwona akiushika mkono wa bibi kipofu na kuuweka juu ya boneti. Mtu kama huyo hamzuii mama kuligusa gari la mwanawe. Hapa hakuna anayezuia hilo. Vumbi si sababu. Miguu si sababu.

Labda tu kama anampenda yule mama kiasi cha kutotaka afe.

Baridi ikamshuka mgongoni, ndani ya koti la George.

"Kisima," akanong'ona. "Nimeuona mkono."

"Nani?"

"George. Mkuu wa karakana."

"Tunaingia. Washa chungu."

Alipanda ngazi ya Ngiri kana kwamba anakagua mkanda, akaiweka hotpoti chini ya kiti cha abiria, akabonyeza. Taa ya kijani. Sauti ya Ibrahim ikakatika kama uzi.

Sasa alikuwa peke yake.

"Amina," watu wakasema.

Muigai akapanda. Akafunga mlango mzito. Injini ya dizeli ikanguruma.

Jepchirchir alitembea kuelekea kwenye tangi. Redio ilifufuka sikioni, lakini kilichosikika ni vishindo vya vijana wa Ibrahim wakiingia Elgon View. Hakukimbia. Akikimbia, watu wangetazama, na George angekuwa wa kwanza. Chini ya koti, bastola ilikuwa nzito kiunoni.

Mama Warigia alikuwa ameketi na viganja magotini. George alikuwa na simu mkononi.

Jepchirchir akaketi upande wa pili wa George.

"Bwana George. Hukuomba leo."

"Nilikuwa na mama."

"Mama alitaka kuweka mkono."

"Ni kweli," Mama Warigia akasema, bila hasira. "Nilitaka sana."

George aliikazia macho Ngiri. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

Ndipo Shiko, mpishi wa kiwanda, akaja mbio mbio kutoka uwanjani, amebeba kitu kwa mikono miwili.

Hotpoti ya maua mekundu.

"Madam, umesahau chakula chako kwa gari," akasema akihema. "Muigai amesimama akanipatia. Anasema hiyo ni hotpoti ya mathe, ikirushwarushwa huko ndani ivunjike, hatalala nyumbani."

Akaiweka kwenye mapaja ya Jepchirchir, akampapasa bega, akarudi jikoni kwake.

Jepchirchir aliinua macho.

Ng'ambo ya uwanja Ngiri ilikuwa inaelekea kilimani. Bila kinga. Na Muigai ndani.

Akainua kifuniko kidogo. Chini ya chapati taa bado ilikuwa ya kijani.

Ngiri ikaanza kupanda. Kidole gumba cha George kikashuka kwenye simu.

Kikabonyeza.

Jepchirchir alifumba macho.

Hakukutokea kitu.

George akabonyeza tena. Akaitazama simu. Hakukuwa na mtandao. Hotpoti ilikuwa imekaa karibu naye kuliko jirani kanisani, na simu yake ilikuwa imekufa.

Faraja ilimjia Jepchirchir, ikaondoka hapo hapo. Simu hii imekufa. Je, nyingine?

Akasukuma mdomo wa bastola kwenye mbavu za George, ikiwa imefichwa chini ya koti alilomwazima.

"Nani mwingine ana hiyo namba?"

George akafungua mdomo. Akakitazama kilima.

"George. Muigai yuko ndani. Huyu ni mama yake."

"Muigai amefanya nini?" Mama Warigia akauliza.

Uso wa George ulivunjika. "Stroud," akasema. Akaonyesha angani kwa kidevu. "Anatazama kwa ile droni. Akiona nimenyamaza, atapiga mwenyewe."

"Liko wapi?"

"Chini ya kiti cha dereva. Nilililehemu mimi." Alikuwa anaongea kama mtu mwenye homa. "Waliniahidi nitasimamia kiwanda chao kikija hapa. Walisema ni moshi tu, na magurudumu. Nilipolibeba nikajua. Moshi hauna uzito ule."

"Na bado ukalehemu."

Aliitazama simu mkononi mwake.

"Magari mengine?"

"Hiyo moja tu. Naapa kwa watoto wangu."

Jepchirchir akachukua simu mkononi mwa George. Hakuwa na pingu. Hakuwa na muda.

"Mama, mshike huyu mkono. Usimwache aende."

"Ni mgonjwa?"

"Ndiyo, Mama."

Mama Warigia akaushika mkono wa George kwa mikono yake miwili, akaanza kuusugua kama anavyosugua mikono ya watu msibani. "Pole, kijana wangu," akasema. "Itapita."

George akainamisha kichwa. Hakujaribu kuuvuta.

Jepchirchir alikuwa ameshaanza kukimbia.

*

Ngiri ya pili iliwaka kwa jaribio la kwanza. Akaitupa hotpoti kwenye kiti cha kando, akakanyaga.

Gari lilikuwa zito kama nyumba. Lilivunja kamba ya uwanja, likaruka mtaro. Kwenye hema wageni wakasimama, wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Alijaribu redio ya gari. Kelele tupu. Hotpoti ilikuwa imeizima.

Muigai alikuwa amefika juu ya kilima, anageuza. Jepchirchir akapiga honi. Akamwashia taa. Muigai akamwona kupitia kioo kinene, akafurahi. Akamwonyesha dole gumba.

Kisha akaongeza mwendo.

Alidhani wanashindana.

"Simama," Jepchirchir akasema ndani ya chuma, mahali ambapo hakuna aliyemsikia. "Simama, tafadhali."

Akakata kona, akapanda kilima kwa upande, akamziba mbele. Chuma kikagonga chuma. Pua mbili zikakwaruzana, magari yote mawili yakasimama ubavu kwa ubavu.

Akatazama kando yake. Taa chini ya chapati ilikuwa imegeuka.

Nyekundu.

Akaruka chini. Mlango wa Muigai ulikuwa mzito, akauvuta kwa mikono yote miwili, miguu ikiteleza kwenye udongo.

"Madam, umelewa? Ona vile umenikwaruzia—"

"Toka."

"Ni nini?"

"Bomu. Chini yako. Toka."

Muigai alimtazama. Uso wote ukawa wa mtoto. Mguu wake ulikuwa umenasa kwenye mkanda, na mikono yake haikumtii. Jepchirchir akapitisha mkono, akafungua, akamvuta kwa kola ya ovaroli mpya. Wakaanguka pamoja, wakainuka. Hapo kilimani hakukuwa na pa kukimbilia. Akamsukuma ndani ya Ngiri ya pili, akapanda juu yake, akaukamata mpini wa mlango.

Akauvuta.

Mlango ukafunga.

Taa nyekundu ikazimika.

Kwa muda mfupi kulikuwa na utulivu, na Jepchirchir akasikia saa ya Muigai ikitembea.

Halafu dunia ikageuka nyeupe.

Ngiri ya pili iliinuliwa upande mmoja kama kikapu, ikaning'inia, ikarudi chini kwa kishindo. Mawe na vyuma vikainyeshea. Kioo cha dereva kilipasuka nyufa nyingi, kikawa kama utando wa buibui.

Kikashikilia.

Kila kiungio kilishikilia. Mistari yote ambayo George alilehemu kwa uaminifu, kabla ya watu wa Halvane kumjia, ilishikilia.

Muigai alikuwa amejikunja sakafuni, mikono kichwani. Alikuwa anasema "mathe, mathe," kwa sauti ndogo sana. Jepchirchir akamwekea mkono mgongoni na kuuacha hapo.

Simu ya Jepchirchir ikarudisha mtandao. Ikaita.

"Kamba."

"Kisima."

"Uko hai?"

"Tuko wawili."

Ibrahim akapumua kwa nguvu. "Stroud alijifungia kwa chumba cha chuma. Tulivunja mlango tukampata na simu mkononi. Tulichelewa kidogo."

"Kidogo hicho kilimtosha."

"Toka kabla kamera hazijafika. Nyuma ya shamba la ngano. Fardowsa anauliza kama ulikula."

*

Chini ya hema, majenerali walikuwa wamesimama. Mmoja, mzee mwenye nywele nyeupe, alitembea mpaka kwenye Ngiri ya rangi ya udongo na kusimama mbele ya kile kioo kilichopasuka bila kuanguka. Alikigusa kwa kidole. Kisha akamwita msaidizi wake na kumnong'oneza.

Ng'ambo ya tangi, Mama Warigia alikuwa bado ameketi. Bado ameshika mkono. George alikuwa analia bila sauti. Vijana wawili wa Idara walioingia baada ya mlipuko wakiwa wamevaa aproni za wapishi wakamsimamisha. Jepchirchir akavua lile koti, akamwekea mabegani.

"Ulisema nitakurudishia," akasema.

George hakuweza kumtazama. Wakampeleka.

Muigai alikuja akichechemea, uso mweusi kwa masizi. Mama yake alimpapasa kichwa, mabega, mikono, kama anayekagua kitenge sokoni kama kina tundu. Kisha akajifunga upya kitambaa, akamshika mkono, wakatembea pamoja mpaka kwenye Ngiri ile iliyobaki. Akaweka kiganja chake juu ya chuma kilichokuwa bado cha moto. Akafumba macho. Midomo ikamtembea kwa muda mrefu.

Jepchirchir alingoja mpaka akamaliza. Akampa hotpoti. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, lakini maua mekundu yalikuwa yote.

Mama akafungua. Akaona chapati. Akaona na kile kisanduku cheusi chini yake. Akakitazama, akamtazama mpangaji wake, na kitu kikapita machoni mwake, polepole. Akakitoa, akakifunga kwenye ncha ya leso kama mtu anayefunga mzigo wa mwenzake, akamkabidhi.

"Hukula," akasema tu.

"Sikupata nafasi, Mama."

"Na chumba? Unahama?"

"Nimeitwa kazi kwingine."

Mama akachukua chapati moja, akaikunja, akamtia mkononi.

Jepchirchir akaanza kutembea kuelekea shamba la ngano. Hakugeuka. Nyuma yake ving'ora vilikuwa vinakuja kutoka mjini, na moshi ulikuwa unapinda kwa upepo. Alikuwa anatafuna chapati, mkono mmoja mfukoni, kama karani aliyemaliza zamu.

"Chirchir," mama akaita. Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Akasimama.

"Hicho kifuniko cha sufuria nitanunua kingine, kisikuamshe. Utakuja kunitembelea tena?"